Anayemuuguza Mwenzake Naye Aangaliwe

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya wagonjwa. Leo tutazungumza juu ya mtu ambaye jina lake haliandikwi katika daftari la zahanati. Ni yule anayekaa kando ya kitanda. Ni mke anayemuuguza mume, au mume anayemuuguza mke. Watu wakipiga hodi huuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Yeye hujibu, "Hajambo kidogo." Habari zake mwenyewe hazijui mtu.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Nina cheti, na kazi hii nimeifanya kwa miaka minne. Nitaanza kwa kukueleza kosa langu mwenyewe, ili wewe usilirudie.

MAMA ALIYESEMA HANA NENO

Mzee mmoja wa kijiji ninachofanyia kazi alipatwa na kiharusi. Alianguka asubuhi akienda shamba. Upande wake wote wa kulia ukapooza, na maneno yakawa hayatoki vizuri. Alilazwa hospitali, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani. Aliyemuuguza ni mke wake. Watoto wao wakubwa wanaishi mbali mjini. Nyumbani alibaki mjukuu mmoja anayesoma shule ya msingi.

Kila baada ya wiki mbili nilikwenda kwa baiskeli kumtazama mzee. Nilimpima presha. Nilitazama ngozi ya mgongo wake kama ina vidonda. Nilihesabu vidonge vilivyobaki. Mama alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mzee hakulala leo."

"Na wewe, mama, umelala?"

"Mimi sina neno, baba. Mgonjwa ni huyo hapo."

Nami niliridhika na jibu hilo. Nilikuwa nimeuliza kama mtu anavyosalimia, si kama mganga anavyouliza. Ikapita miezi saba. Katika miezi hiyo nilimpima mzee presha mara 14. Mama sikumpima hata mara moja, na mashine ilikuwa mkononi mwangu.

Siku moja asubuhi mama alianguka kisimani. Ndoo ikamwagika, naye akashindwa kuinuka. Vijana walimleta zahanati kwa pikipiki. Ulimi ulikuwa mzito na mkono wa kushoto umelegea. Nilipompima, presha yake ilikuwa 210 kwa 120. Tulimkimbiza hospitali ya wilaya siku ile ile.

Mjukuu wake aliniletea kadi ya kliniki aliyoikuta ndani ya sanduku, chini ya nguo. Ilikuwa kadi ya mama. Kumbe alikuwa akitumia dawa za presha tangu zamani. Tarehe ya mwisho kwenye kadi ilikuwa mwezi mmoja kabla ya mzee kuanguka. Baadaye mama aliniambia, "Vidonge ni vya watu wawili, fedha ni ya mtu mmoja. Nikasema anywe yeye kwanza."

Mama alirudi nyumbani baada ya siku 11. Yu hai. Lakini mkono wake wa kushoto hauna nguvu tena, na hawezi kukamua nguo.

Kuna jambo moja zaidi. Siku zile 11 mzee alikaa na nani? Alikuja mdogo wake. Wakaja majirani wawili na vijana wa kitongoji. Waligawana zamu. Mzee aligeuzwa, akaogeshwa, akalishwa, wala hakupata kidonda hata kimoja. Watu hao walikuwepo miezi yote saba. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Wao walingoja kuitwa, na mama alingoja waje wenyewe. Mimi niliyekuwa nikipita kati yao sikusema neno. Sote tulingoja mpaka mama akaanguka.

KAZI HII NI KUBWA KIASI GANI?

Wazee wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kwamba mzigo alioubeba mwenzako, wewe unayetazama unauona mwepesi kama usufi. Basi tuupime mzigo huu.

Chukua mgonjwa mwenye uzito wa kilo 60. Huyo ni sawa na ndoo tatu za maji za lita 20. Tena ndoo ina mkono wa kushikia. Mtu aliyepooza hana mkono wa kushikia, na uzito wake huegemea upande mmoja.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hutakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ili asipate vidonda vya kulalia. Kwa mchana na usiku hiyo ni mara 12. Hapo hujahesabu kumwogesha, kumsafisha anapojisaidia, kumpikia chakula laini, kumlisha polepole asipaliwe, na kufua mashuka. Bado maji, kuni, shamba na kuku. Kazi hizo zilizokuwa za watu wawili sasa ni za mtu mmoja.

Ndugu Msomaji, huo si usufi.

KUUGUZA KUNAUMIZAJE MWILI?

Kwanza, mgongo. Anayeuguza huinama mara nyingi na kuinua mzigo mzito akiwa ameinama. Kiuno, mabega na magoti huuma. Wengi hununua dawa za maumivu dukani na kuzimeza kila siku. Jihadhari. Baadhi ya dawa hizo, kama diklofenaki na ibuprofeni, zikitumiwa siku nyingi zinaweza kupandisha presha, kuumiza figo na kuleta vidonda vya tumbo. Mama niliyekueleza alikuwa akizimeza.

Pili, usingizi. Usiku mgonjwa anakohoa, anaita, anataka maji, anataka kugeuzwa. Anayemuuguza analala vipande vipande. Mwili hujitengeneza tukiwa usingizini. Asiyelala vizuri kwa wiki nyingi huwa msahaulifu na mwenye hasira ya haraka. Anaweza kuunguza chakula, kujikata na jembe, au kumpa mgonjwa dawa mara mbili.

Tatu, chakula. Mgonjwa akila, mwenzake hula ukoko uliobaki, tena amesimama. Mgonjwa akikataa kula, mwenzake naye hupoteza hamu. Uzito hupungua na nguvu huisha, wakati kazi imeongezeka.

Nne, moyo na presha. Fikiri umekutana na nyoka njiani. Moyo unapiga kwa nguvu, presha inapanda, misuli inakaza. Mwili umetoa kemikali zake za kukuwezesha kukimbia au kupigana. Nyoka akishapita, mwili unatulia. Lakini mtu mwenye mgonjwa wa muda mrefu ni kama mtu ambaye nyoka wake hapiti. Kila siku ana hofu ya fedha, ya dawa, ya usiku wa leo. Mwili wake haupati nafasi ya kutulia. Kwa watu wengine presha hupanda, na aliyekuwa na presha au kisukari huzidiwa.

Tano, kinga ya mwili. Katika mwaka 1995 wachunguzi wa Marekani walitoa habari ya jaribio moja. Walichukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wanawake 13 wa umri unaolingana ambao hawakuwa wakiuguza mtu. Kila mmoja alitiwa kidonda kidogo mkononi, cha ukubwa ule ule. Vidonda vya wale waliokuwa wakiuguza vilichelewa kupona kwa siku 9 kuliko vya wenzao. Hofu na uchovu wa siku nyingi viliufanya mwili uwe mzito hata katika kuziba kidonda.

Sita, huzuni. Mke anamtazama mume aliyekuwa akipasua kuni, leo hawezi kushika kijiko. Mume anamtazama mke aliyekuwa akicheka naye jioni, leo hamtambui. Huo ni msiba, ingawa hakuna aliyekufa. Wako wanaofika mahali pa kutamani mgonjwa apumzike ili nao wapumzike. Kisha hujiona kama wauaji, wakanyamaza. Fikra hiyo haina maana kwamba humpendi mwenzako. Ni dalili kwamba umechoka kupita kiasi, na kwamba unahitaji msaada.

Saba, kuambukizwa. Kiharusi hakiambukizi, wala presha, kisukari na saratani haziambukizi kwa kumhudumia mgonjwa. Lakini kifua kikuu huambukiza kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Magonjwa ya kuhara huambukiza kwa mikono michafu. Damu na vidonda navyo vinataka uangalifu. Anayelala chumba kimoja na mgonjwa ndiye aliye karibu zaidi na hatari hiyo.

JE, TUACHE KUUGUZANA?

Hapana. Soma habari hii nyingine kutoka Marekani, iliyotolewa mwaka 1999. Wachunguzi walifuatilia wazee zaidi ya 800 wenye ndoa, wa umri wa miaka 66 hadi 96, kwa muda wa miaka minne. Baadhi yao walikuwa wakiuguza wake zao au waume zao. Wale waliouguza na kusema kazi ile inawalemea, hatari yao ya kufa ilikuwa kubwa kwa asilimia 63 kuliko ya wale ambao wenzao walikuwa wazima. Yaani, pale ambapo wangekufa watu 10, walikufa kama 16.

Lakini wale waliouguza bila kulemewa hawakuonekana kuwa na hatari hiyo iliyozidi.

Lishike neno hili. Kumuuguza mwenzako si sumu. Wako watu wanaosema kwamba kazi hiyo iliwapa heshima na kuwaleta karibu zaidi. Kinachoua ni kulemewa. Kwa hiyo shauri si kuuacha mzigo, bali kuugawa.

NA WANAUME JE?

Wanaume nao wanauguza. Mume akiuguza mke, mara nyingi watu husema, "Atafute mwanamke wa kumsaidia." Yeye mwenyewe huona haya kuonekana jikoni au akifua nguo za mke wake. Basi huchota maji usiku ili asionekane, na huzuni yake huipeleka kwenye pombe. Pombe haiondoi uchovu. Huharibu usingizi, hupandisha presha, na humaliza fedha za dawa.

Ndugu yangu mwanamume, kumwogesha mke wako mgonjwa hakupunguzi uume wako. Ukihitaji kufundishwa kupika uji au kumgeuza mgonjwa, njoo zahanati. Hakuna atakayekucheka.

UFANYE NINI WEWE UNAYEUGUZA?

1. Inua kwa akili, si kwa mgongo.

Mwambie mgonjwa unachotaka kufanya. Hata asiyeweza kusema anaweza kuwa anasikia. Kumgeuza, mkunje goti, kisha msukume bega na nyonga kwa pamoja, alale ubavu. Kumvuta juu kitandani, tandika shuka nene chini yake, na watu wawili wavute shuka hilo, mmoja kila upande. Usimvute kwa mkono uliopooza, bega lake litateguka. Usimwache akuning'inie shingoni.

Ukimtoa kitandani kwenda kwenye kiti, weka kiti upande wake wenye nguvu. Simama karibu naye sana, panua miguu, kunja magoti, na mgongo wako uwe wima. Mshike kiunoni. Akiwa mzito, ngoja mtu wa pili. Kama kitanda kiko chini sana, kiinue kwa matofali imara, na uhakikishe hakitikisiki.

2. Lala kwa zamu.

Kama mko watu wazima wawili, mmoja aamke tangu saa 2 usiku hadi saa 8, mwingine tangu saa 8 hadi asubuhi. Kama uko peke yako, tafuta mtu wa kulala kwako hata usiku mmoja au miwili kwa wiki. Mchana mgonjwa akilala, nawe jinyoshe. Vyombo vitangoja.

3. Kula kabla hujamlisha, au kula pamoja naye.

Usile makombo. Ugali, maharage, mboga za majani, dagaa, yai likipatikana, na matunda ya msimu. Kunywa maji mara kwa mara.

4. Usiache dawa zako mwenyewe.

Dawa za presha, kisukari au virusi vya UKIMWI usizikatishe kwa sababu mwenzako anaumwa. Usigawane vidonge na mgonjwa, hata kama mna ugonjwa mmoja. Dozi zinatofautiana. Kama fedha ni ya mtu mmoja, njoo utuambie. Tunaweza kutafuta dawa ya bei nafuu zaidi au njia nyingine ya kukusaidia. Tusipojua hatuwezi kusaidia.

5. Pimwa presha.

Presha mara nyingi haiumi wala haina dalili. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa kupimwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. Mganga anapokuja kumtazama mgonjwa wako, nyosha mkono wako na umwambie, "Na mimi nipime." Usione haya. Mimi ningeambiwa hivyo, pengine mama yule angekuwa anakamua nguo zake leo.

6. Jikinge.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kulisha, na kila baada ya kumsafisha mgonjwa. Ukigusa damu au choo, vaa glavu. Ukikosa glavu, vaa mfuko wa nailoni usio na tundu. Kama mgonjwa ana kifua kikuu, fungua madirisha mchana kutwa, afunike mdomo anapokohoa, na watu wote wa nyumbani waende kupimwa. Katika zahanati na hospitali za Serikali dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita.

7. Toka nje.

Nenda kanisani au msikitini, nenda kwenye kikundi chako cha kuweka akiba, kaa na wenzako kibarazani hata saa moja. Huko si kumtupa mgonjwa. Ukiona mkono wako unataka kumpiga mgonjwa kwa hasira, hakikisha yuko salama, toka nje, vuta pumzi, mwite jirani.

8. Usimfanye mtoto kuwa ndiye mwuguzi.

Mtoto anaweza kuleta maji ya kunywa au kumsimulia babu hadithi. Lakini asikose shule kwa ajili ya kuuguza, wala asiinue mtu mzima.

KARATASI MOJA INAWEZA KUOKOA MTU

Wewe ambaye sasa unajua kusoma na kuandika, elimu yako ina kazi hapa. Chukua karatasi. Andika siku saba za wiki. Kila siku andika kazi moja ambayo mtu mwingine anaweza kuifanya. Kisha usiseme tu, "Nisaidieni." Neno hilo ni pana, na kila mtu hudhani mwenzake ndiye atakayesaidia. Taja kazi, taja siku, taja mtu. Mfano ni huu:

Jumatatu: Kijana wa jirani alete ndoo nne za maji.

Jumanne: Shemeji akae na mgonjwa asubuhi, mama aende shamba.

Jumatano: Watu wawili waje kumwogesha mgonjwa na kutandua kitanda.

Alhamisi: Jirani alete chakula cha jioni.

Ijumaa: Mpwa alale hapa usiku, mama alale chumba kingine.

Jumamosi: Akina mama wa kikundi wafue mashuka.

Jumapili: Ndugu akae na mgonjwa, mama aende kusali na kutembea.

Karatasi hiyo unaweza kuipeleka kwa balozi, kwa mwenyekiti wa kitongoji, au kwa mhudumu wa afya wa jamii, akusaidie kuitisha ndugu na majirani. Kwa yule mzee na mama yule tulifanya hivyo baada ya mama kurudi. Karatasi imebandikwa nyuma ya mlango wao. Wako wanaosahau siku yao, ndiyo, lakini jirani huwakumbusha. Watoto walioko mjini nao wana mstari wao: kila mwezi wanatuma fedha za dawa za wazazi wote wawili. Mama yuko kwenye dawa zake, nami humpima kila ninapokwenda. Naanza na yeye, halafu mzee.

WEWE UNAYEKWENDA KUMJULIA HALI MGONJWA

Usiende mikono mitupu ya kazi. Soda na biskuti ni upendo, lakini ndoo ya maji ni msaada. Usikae saa tatu ukingoja chai. Chai hiyo ataipika yule aliyekesha. Usimlaumu kwa kusema, "Mbona mgonjwa amekonda?" Mwulize, "Wewe umelala saa ngapi? Umekula nini leo?" Akikujibu hana neno, usiondoke upesi kama nilivyoondoka mimi. Mwambie, "Mimi nipo hapa mpaka jioni. Kalale."

DALILI ZA HATARI

Wewe unayeuguza, nenda zahanati upesi ukiona moja ya mambo haya:

Kichwa kinauma sana, au macho yanaona giza.

Kifua kinabana, au pumzi inakata.

Mdomo umekwenda upande, mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki. Hiki huenda ni kiharusi. Usingoje kesho, wala usingoje dalili ziishe.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au unakonda na kutoka jasho usiku.

Huzuni ya wiki mbili au zaidi, huoni raha ya kitu chochote, huli, hulali hata ukipata nafasi.

Unafikiria kujiua au kumdhuru mgonjwa. Hili mwambie mtu leo hii, na asikuache peke yako mpaka ufike kwa mganga.

NENO LA MWISHO

Ndugu Msomaji, taa ikiishiwa mafuta haimulikii mtu. Mgonjwa wako anakutegemea wewe. Ukianguka wewe, nyumba ina wagonjwa wawili. Kujitunza si ubinafsi. Ni sehemu ya kumtunza mwenzako.

Nasi waganga tuna deni. Tukiingia katika nyumba yenye mgonjwa tumtazame na yule anayefungua mlango. Mimi nimejifunza kwa gharama ya mkono wa mama wa watu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chetu, ni nani anayemuuguza mke au mume kwa muda mrefu? Mara ya mwisho tulimsaidia kazi gani?

2. Kwa nini mama katika habari hii alisema hana neno? Sisi je, tungesemaje?

3. Pimeni uzito wa ndoo ya lita 20 yenye maji. Mtu mzima aliyepooza ni sawa na ndoo ngapi?

4. Andikeni karatasi ya siku saba kwa ajili ya nyumba moja mnayoijua. Nani atafanya nini, na siku gani? Wiki hii anzeni.